Sungura sebuleni: huru kiasi gani, na joto hili la Mombasa?

Jirani yetu wa chini, mama mtu mzima ambaye mimi humwamkia shikamoo kila asubuhi ngazini, alipanda siku moja kutuletea mahamri akamkuta sungura wetu amejinyoosha katikati ya sebule, miguu kaitupa nyuma kama mgeni aliyeshiba biriani.

"Huyu aliwa au afugwa?"

"Anafugwa tu, mama."

"Na banda lake?"

Nikamwambia hana, nyumba nzima ni yake. Akatikisa kichwa. "Mwamlea kama mwali!"

Alicheka, lakini swali lake lina uzito. Kenya hii sungura wengi ni wa nyama, akina New Zealand White na California, na hukaa kwenye vizimba vya waya vilivyoinuliwa juu ya ardhi. Mfugaji ana hoja zake: kinyesi huanguka chini, paka hamfikii mnyama, na asiyekula huonekana mapema. Ndiyo maana hata anayetaka sungura wa kucheza na watoto hununua kizimba kilekile akakiweka roshani. Wengine, mimi nikiwamo, huona ni kifungo, wakamwachia mnyama atembee. Nani ana haki?

Nianze na wenye vizimba, kwa sababu nyumba yangu mwenyewe imewapa ushahidi. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo kutafuna kwake ni lazima. Waya wa chaja kwake ni kama mzizi uliomzibia njia. Wetu aliukata waya wa feni ya kusimama, mkato laini kama wa mkasi, na kilichomwokoa ni kwamba swichi ilikuwa imezimwa ukutani. Stima yetu ni volti 240. Tangu siku hiyo kila waya ulio chini umevishwa bomba la plastiki, lile ambalo mafundi hupitishia waya ukutani, nikalipasua kwa kisu upande mmoja ili uingie. Hatari hii, basi, ina dawa, na dawa yenyewe ni rahisi.

Ngumu zaidi ni tumbo. Sungura hawezi kutapika, akishameza kitu kibaya hakina njia ya kurudi. Mkeka wa miyaa akiutafuna hasara ni yako tu, ila siku hizi nusu ya mikeka yetu ni ya plastiki, na nyuzi zake, kama zile za zulia, zinaweza kumziba matumbo. Akipitisha nusu siku bila kula wala kunya, hiyo ni dharura. Hapo utambue pia kwamba si kila daktari wa mifugo amezoea sungura. Muulize kabla hujamhitaji.

Halafu kuna sumu za nyumbani: ya panya nyuma ya friji, dawa ya mende chini ya sinki. Mwenye nyumba wetu aliwahi kuleta wapuliza dawa bila taarifa, nikakimbia na sungura kwenye kapu hadi kwa ndugu yangu. Maua nayo: mwoleanda wa uani ni sumu, na majani ya mparachichi vilevile.

Na udi. Sungura hupumua kwa pua, na mapafu yake ni mepesi kudhurika. Chetezo chenye makaa kikiwekwa sakafuni Alhamisi jioni, kiko sawasawa na uso wake. Sisi tunaona nyumba inanukia. Yeye yumo ndani ya moshi, na makaa yako hatua mbili kutoka masharubuni.

Ukiishia hapa utaona jirani yangu ameshinda. Lakini hoja zote hizo ni za vitu vinavyoweza kuondolewa, kufunikwa au kuinuliwa. Kuna kimoja kisichoondoleka, nacho ni joto, na hapo ndipo kizimba cha roshani kinaposhindwa vibaya.

Mnyama huyu hatoki jasho. Joto hulitoa zaidi kwa masikio. Hali inayomfaa ni kama nyuzi 15 hadi 20; zikipita 28 huanza kuteseka. Wakati wa kaskazi, toka Desemba hadi Machi, mchana wa Mombasa hufika nyuzi 32 na unyevu juu yake. Roshani inayotazama magharibi hupigwa na jua kuanzia saa nane hadi linapozama. Aliyefungwa humo hana pa kuhamia, na waya anaousimamia humchubua visigino, maana nyayo zake ni manyoya tu, hazina mto kama za paka. Waongeze kunguru wanaotua kwenye kizimba kumchokoza, na nzi wanaotaga mayai kwenye manyoya yaliyolowa mkojo.

Wetu, mimi humchunguza sana saa saba mchana. Anatoka chini ya kitanda, anasimama, anapita kando ya ukuta, kisha anajilaza tumbo kwenye saruji ya mlango wa bafu, mahali pale pale kila siku. Hakuna aliyemfundisha. Kwa maoni yangu thamani ya kumwacha huru katika mji huu ni hiyo: achague mwenyewe palipo na baridi. Feni ikizimika kwa kukatika stima, chupa ya maji ya barafu iliyofungwa kanga humsaidia, naye huisogelea au huikimbia apendavyo.

Vigae, kwa upande mwingine, vina kasoro. Ni baridi lakini huteleza, na sungura anayeteleza huogopa kukimbia au huumia miguu. Tumetandika jamvi la miyaa kutoka beseni lake hadi chini ya kitanda, na hata kwa upana wote wa sebule yeye hupita juu ya jamvi hilo tu. Beseni lina magazeti na nyasi kavu. Hukojoa mumo humo huku anakula. Kwa dume, kuhasiwa ndiko kulikomaliza tabia ya kuweka alama za mkojo kwenye makochi.

Je, lazima apewe nyumba nzima? Hapa nawaacha mkono wenzangu wa uhuru. Chama cha Uingereza cha ustawi wa sungura kinapendekeza eneo lisilopungua mita 3 kwa 2, urefu wa kwenda juu mita 1, kwa sungura wawili. Hicho ni chumba kimoja kidogo, si ghorofa. Chumba kimoja kilichokaguliwa waya na sumu, chenye kivuli, kinashinda nyumba nzima isiyokaguliwa. Na anayeshinda kazini kutwa anaweza kumzungushia uzio ndani ya chumba, akamfungulia alfajiri na magharibi. Kwa maumbile yake hizo ndizo saa zake za kurukaruka, na ndizo saa zenye ubaridi kidogo.

Kwa familia ya watu watano katika chumba kimoja cha kupanga mtaa wa Majengo, sioni mpango wowote wa haki, si wa kizimba wala wa uhuru. Mnyama huyu huishi miaka 8 hadi 12. Heri wasimchukue.

Kwetu limebaki jambo moja. Mke wangu hataki sebule ipitishe Ijumaa bila udi, nami nataka chetezo kipande juu ya kabati, milango ifunguliwe, sungura ahamishwe chumbani mpaka moshi uishe. Yeye asema udi wa juu ya kabati haufiki kwenye nguo. Wiki hii tumekubaliana aufukize chumbani kwetu, sungura abaki sebuleni.