Yaliyonikuta Ndani ya Buti, kwa Maelezo Yangu Mwenyewe

Kwa kuwa rafiki yangu ameshasambaza simulizi lake la siku niliyofungiwa ndani ya buti la gari langu nikitafuta hitilafu ya sauti, eti nikilia na kuungama dhambi, na kwa kuwa ninyi mnaonifuata hapa mmeanza kunitumia picha za majeneza, nimeona ni haki nami nisikike kabla jambo hili halijapoa. Simulizi lake lina kasoro mbili kubwa. Sikulia, wala sikuwa nikiungama dhambi zangu. Maji yaliyoonekana usoni pangu yalikuwa jasho. Mengine yote, kwa masikitiko makubwa, ni kweli.

Sabufa zangu, yaani zile spika kubwa za besi zilizomo butini, mnazijua, maana nimewachosha nazo. Zilikuwa na tabia ya kukata sauti na kuirudisha zenyewe: gari likipita kwenye tuta, kimya, likipita kwenye tuta la mbele, zinanguruma tena bila hata kuona haya. Nilibadilisha fyuzi. Nilibadilisha nyaya zinazoleta sauti kutoka kwenye redio hadi kwenye amplifaya, kile kifaa cha kukuza sauti. Nilipima koili, ule waya uliosokotwa ndani ya sabufa, kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme, na kila koili ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ikasoma omu 3 na ushei, jambo ambalo halina ubaya, kwa sababu kipimo hicho kwa kawaida huwa chini kidogo ya namba iliyoandikwa kwenye sabufa. Nikazisukuma koni, zile sehemu za mbele za sabufa zinazotetemeka, taratibu kwa vidole huku macho yakiwa kwenye multimita, nikiamini kwamba zile nyuzi laini zinazopeleka umeme kwenye koili zimekatikia ndani kwa ndani, lakini namba haikutetereka. Ikabaki amplifaya yenyewe, ambayo kila sauti ilipokata iliwasha taa nyekundu ya kujilinda. Taa hiyo ni shahidi asiyesaidia kesi. Inaweza kuwaka kwa sababu ya joto, kwa sababu ya nyaya za spika zilizogusana, au kwa sababu volti zimeshuka kupita kiasi, na kwa yote hayo rangi yake ni ileile.

Kilichonitia wazimu ni kwamba ugonjwa huo ulipona kila buti lilipofunguliwa. Mafundi walifungua buti, wakasikiliza, wakanitazama kwa huruma, wakalifunga. Ndipo nilipokata shauri kwamba hitilafu inayojificha buti likiwa wazi ni lazima ifuatwe huko huko, buti likiwa limefungwa. Kitaalamu, na hapa sitanii, hata leo sioni dosari katika hoja hiyo.

Tukaegesha gari mahali pa wazi nje ya nyumba tunazoishi, injini tukaizima ili nisivute moshi. Simu yangu ikabaki kwenye kiti cha mbele ikipiga sauti ya majaribio ya hezi 40, yaani mvumo mzito wa besi, kwa sababu wimbo una mapumziko yake na unaweza kukudanganya, ilhali mvumo mmoja usio na kituo ukikatika hapana ubishi. Nikaingia butini na taa ya kufunga kichwani, nikakunja magoti hadi kidevuni, ncha moja ya multimita nikaigusisha kwenye skrubu ya ethi ya amplifaya, pale unapofungwa waya unaoiunganisha na bodi ya gari, na nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi. Waya wa ethi ukiwa umeshika vizuri, kipimo hapo hukaribia sifuri hata kama sauti iko juu. Rafiki yangu akafunga mfuniko, akatia funguo mfukoni, akaanza kulikandamiza gari kwa nyuma, juu na chini, ili kuiga matuta ya barabarani.

Sasa naomba msome polepole, na wenye chai mdomoni waimeze kwanza.

Hezi 40 ndani ya buti lililofungwa humwingia mtu kifuani, meno yakagongana, masikio yakakataa kazi nyingine yoyote. Ili rafiki yangu anisikie nililazimika kupiga kelele kwa pumzi zangu zote, na hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Nikamwambia atikise. Namba ikaruka hadi nusu volti, ikarudi. Nikamwambia atikise zaidi, nimekaribia. Namba ikaruka tena, juu kuliko mara ya kwanza. Nikageuza shingo, taa ikamulika pembeni, na hapo nikamwona mwizi wangu: ule mkono wa bawaba, ambao hushuka ndani ya buti mfuniko unapofungwa, ulikuwa umeulalia waya wa ethi, na kila gari lilipodunda uliuvuta hadi pete yake ikanyanyuka kutoka kwenye bodi. Buti likifunguliwa, mkono unapanda, waya unapumua, fundi anaona kila kitu ni kizima. Sijapata kuwa na furaha kama ile. Nikajaza mapafu, nikapaza sauti:

"Hapo hapo! Usiache! Ongeza nguvu, nimeipata!"

Mvumo ulikata kwenye "hapo" ya kwanza.

Maneno yaliyosalia yalitoka katika ukimya mtupu, moja baada ya jingine, nami nikiyasikiliza kama mpita njia. Gari likaacha kutikisika. Nikasikia viatu, si vya mtu mmoja, vikisimama karibu na kichwa changu. Kisha nikaitambua sauti ya mzee wa nyumba ya jirani, mtu ambaye hata kufunga mlango kwa nguvu mbele yake huwa sithubutu.

"Kijana," alimuuliza rafiki yangu, "humu ndani kuna nani?"

Rafiki yangu, ambaye katika simulizi lake anadai kuwa alinitetea kiume, alijibu, "Hamna mtu, mzee."

Wakati huo pete ya waya ikakumbuka kugusa bodi, na hezi 40 zikarudi. Gari zima likaguna, kibao cha namba kikalia, kisha zikakata tena. Katika ukimya uliofuata nilikohoa. Nilijitahidi kukizuia kikohozi hicho, Mungu ni shahidi, lakini vumbi la butini halina urafiki.

"Hamna mtu," mzee akarudia taratibu.

Funguo zikatafutwa katika kila mfuko isipokuwa ule zilimokuwa. Mfuniko ukapanda. Mwanga ukaingia, na pamoja na mwanga nikamwona mzee, mkewe, wageni wao waliovaa nguo za kutokea, na nyuma yao watoto ambao hakuna aliyewaalika. Mimi nilikuwa nimejikunja ubavu, natiririka jasho, waya mwekundu mkono huu na mweusi mkono ule, taa ya kichwani ikimmulika mzee machoni moja kwa moja. Maelezo yote ya kitaalamu yalinitoka kichwani. Adabu peke yake ndiyo iliyobaki.

"Shikamoo, mzee."

Alinitazama. Akaitazama multimita. Akamtazama rafiki yangu, ambaye sasa alikuwa akikagua tairi.

"Marahaba," akasema, halafu akawageukia wageni wake na kuwaambia waendelee na safari.

Na kwa kuwa buti lilikuwa wazi, sabufa zikaanza kunguruma, safi kabisa, bila kukata hata kidogo, zikawasindikiza hadi walipopotea kwenye kona.

Matengenezo yenyewe hayakuwa na makuu. Nilizima mitambo, nikachomoa waya wa hasi kwenye betri, nikahamisha ule wa ethi mbali na bawaba, nikakwangua rangi hadi chuma kikang'aa, nikakaza nati juu ya washa ya meno na kupaka grisi juu yake ili kutu isije. Sauti haijakata tangu hapo. Ninyi mnaouliza kwa nini sikurefusha tu nyaya za multimita nikapimia kwenye kiti cha nyuma, nimewasoma nyote, na sina la kuwajibu.

Jana mzee alimtuma mjukuu wake. Redio ya gari lake nayo inakata sauti, na anaomba niitazame, kwa sharti kwamba kazi hiyo niifanye nikiwa nimesimama.