Vanila Yangu Hailipi, na Sikuomba Ilipe

Juzi jamaa yangu alipita nyumbani, nikampeleka uani kumwonyesha kitalu nyumba. Vanila ilikuwa imetoa ua, kijani kinachoelekea manjano, nami nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kulichavusha. Hakulitazama. Alitazama mabomba ya maji, akatazama nailoni, akapiga hesabu kichwani, kisha: "Kaka, hii inalipa?"

Hailipi. Tumemaliza?

Nimechoka, jamani. Mtu akinunua runinga ya ukuta mzima, hakuna anayemuuliza inaingiza shilingi ngapi kwa mwezi. Akishinda baa Jumapili nzima akipigia kelele timu ya Uingereza isiyomjua, huyo anapumzika. Mimi nikipanda mmea kwa sababu naupenda, ghafla kila mgeni ni ofisa mikopo. Ukifuga kuku watatu, unaulizwa kwa nini siyo mia tatu. Ukioka keki nzuri, unaambiwa fungua duka. Yaani mtu mzima wa nchi hii haruhusiwi kufanya kitu vizuri bila kukiandikia mchanganuo wa biashara!

Najua ugonjwa huu umetoka wapi. Ni zile video za "uwe milionea wa vanila nyuma ya nyumba yako." Wanakutajia bei ya 2018, vanila kavu ilipopita dola 500 kwa kilo kwenye soko la dunia. Hawakuambii kwamba baadaye ilianguka hata chini ya 100, wala kwamba miaka ya 2000 ilipanda na kuporomoka vilevile, na wakulima Uganda wakaing'oa kwa hasira. Kubwa zaidi, hawakuambii kazi yenyewe.

Kazi yenyewe ni hii. Unapanda pingili, unasubiri kama miaka mitatu. Hapa Dodoma hewa ni kavu na upepo wetu mnaujua, kwa hiyo bila nailoni, neti ya kivuli na maji ya kunyunyiza, mmea unasinyaa. Ukizidisha maji, mizizi inaoza. Ukibahatika, ua linafunguka alfajiri na kufikia mchana limekwisha. Mdudu wa kukusaidia kuchavusha huku hayupo. Unachukua kijiti cha meno, unainua kile kiwambo chembamba kilichotenganisha chavua na upande wa kike, unabonyeza kwa kidole gumba. Ua moja, kisha lingine. Halafu miezi tisa hivi mpaka ganda, yaani tunda lake refu kama la maharage, likomae, nalo likikomaa halinukii chochote! Harufu inakuja baada ya kulichovya kwenye maji ya moto, kulifunika blanketi litoe jasho, na kulianika na kulitunza kwa miezi.

Sasa niambie ni mpumbavu gani anafanya haya yote kwa ajili ya faida ya maganda machache. Unafanya kwa sababu kile kitendo cha asubuhi, wewe na kijiti na ua ambalo bila wewe lingekufa tasa, ni kizuri. Basi.

Na mbinu hiyo ina mwenyewe. Mwaka 1836 mtaalamu wa mimea Charles Morren alifanikiwa kuichavusha vanila kwa mkono huko Liège, Ubelgiji, ndani ya kitalu cha vioo. Lakini njia ya kijiti tunayoitumia mpaka leo ilibuniwa 1841 kisiwani Réunion, kwenye Bahari ya Hindi, na Edmond Albius, mtoto wa miaka 12, mtumwa. Mashamba ya visiwa vile yakatajirisha watu. Yeye alikufa maskini, 1880. Mnaopenda kuuliza kama inalipa, anzeni kwake.

Haya, nakubali kwa shingo upande: kwa mzee wa Bukoba mwenye vanila chini ya migomba yake, anayesomesha wajukuu kwa hiyo, swali la bei ni halali kabisa. Yeye ana mvua na kivuli cha bure, na namwombea bei ipande. Ila mimi na yeye hatufanyi kitu kimoja.

Pingili ninazo za kugawa, bure, kwa anayetaka kupanda kwa raha zake. Njoo asubuhi, na ukiweza beba gunia la makumbi ya nazi ya kupandia, maana hayo ndiyo yananitoa jasho kuyapata huku.