Iraki: kosa lilikuwa kuondoka 2011 au?

Ubishi wa Iraki hauishi. Kuna wanaosema Obama ndo kaharibu kwa kuondoa majeshi ya Marekani Desemba 2011 na matokeo yake ISIS, lile kundi la Wasunni wenye siasa kali, wakauchukua mji wa Mosul Juni 2014, na kuna wanaosema bila uvamizi wa 2003 hao ISIS wangetoka wapi.

Hawa wa pili wana hoja nzito. Mei 2003 Paul Bremer, Mmarekani aliyewekwa kuitawala Iraki baada ya uvamizi, alilivunja jeshi lote la Saddam kwa amri moja, mamia ya maelfu ya wanaume wenye mafunzo ya vita wakajikuta mtaani hawana mshahara, sasa hapo ulitegemea nini? Baadhi ya maofisa haohao ndo baadae tukawaona ni makamanda wa ISIS.

Ila mtu akiniambia Wamarekani wangeondoka 2006 mambo yangetulia, hapo sikubali. Februari mwaka huo msikiti wa al-Askari, mtakatifu kwa Washia, ulilipuliwa kule Samarra, na baada ya hapo Washia na Wasunni wakawa wanauana mtaa kwa mtaa Baghdad, kila asubuhi maiti zinaokotwa, na wauaji wengine wamevaa sare za polisi kabisa. Hiyo haikuwa tena vita ya kumtoa mgeni.

2007 Bush akaongeza askari na kweli vurugu zikapungua, lakini tusidanganyane, makabila ya Wasunni kule mkoa wa Anbar yalishaichoka al-Qaeda na kuigeuka tangu 2006, ndo wakaitwa Sahwa, na Muqtada al-Sadr, shehe wa Kishia mwenye wapiganaji wake, nae akalisimamisha jeshi lake la Mahdi Agosti 2007.

Hao Sahwa ndo watu wanawasahau. Walifika kama laki moja, Mmarekani anawalipa kama dola 300 kwa mwezi, na ahadi ilikuwa asilimia 20 yao waingizwe jeshini na polisi, waliobaki watafutiwe kazi za kiraia. Waziri mkuu Maliki, Mshia, hakuwaamini hata siku moja, alivyokabidhiwa tu mishahara ikaanza kusuasua na wengine wakakamatwa. Yaani kwa Msunni wa Anbar askari wa Marekani alishakuwa mdhamini wa ile ahadi, yuleyule ambaye 2004 Msunni huyo alikuwa anamtegea mabomu barabarani!

Tena tarehe ya kuondoka aliisaini Bush mwenyewe 2008, sio Obama. Msafara wa mwisho ukavuka kwenda Kuwait tarehe 18 Desemba 2011, kesho yake tu ikatangazwa hati ya kumkamata makamu wa rais Tariq al-Hashimi, Msunni.

Je, wangebaki hata askari elfu kumi wangemzuia Maliki asiwabane Wasunni? Wanaolaumu kuondoka wanasema ndio, mi nna wasiwasi, maana uchaguzi wa 2010 muungano wa Ayad Allawi, waziri mkuu wa zamani, uliopigiwa kura na Wasunni wengi, ulipata viti 91 na wa Maliki 89, askari kama elfu hamsini wa Marekani bado wako palepale nchini, na aliyeunda serikali ni Maliki.