Kibali kinambana mtafiti, greda linapita

Mtafiti wa akiolojia akitaka kuchimba Tanzania, hata kashimo ka mita moja kwa mita moja, aanze na Tume ya Sayansi na Teknolojia kwa kibali cha utafiti, kisha aende Idara ya Mambo ya Kale kwa leseni ya uchimbaji. Sina ugomvi na hilo. Kuchimba ni kuharibu. Udongo ukishatolewa tabaka kwa tabaka haurudi ulivyokuwa, na kinachobaki ni madaftari, michoro na vigae vya vyungu kwenye mifuko yenye namba. Sheria yenyewe, ya mwaka 1964, ni kali: kifaa kilichotengenezwa na mtu kabla ya 1863 kinalindwa, na hata milango ya nakshi ya kabla ya 1940 imetajwa humo.

Ila ukali wote huo unamwangukia mtu ambaye tayari ni mwangalifu. Greda la barabara ya kata linazoa mavi ya chuma, yaani mabaki ya uyeyushaji wa zamani, na vigae vyenye nakshi za pembetatu kwa asubuhi moja, na dereva haoni kitu zaidi ya kokoto. Miradi mikubwa walau hufanyiwa tathmini ya mazingira. Kisima cha kijiji, uwanja wa shule, nani anauliza? Halafu wapo wasaka "mali za Mjerumani", hazina inayodaiwa kufukiwa na Wajerumani enzi za ukoloni. Kondoa wamefukua hadi chini ya miamba yenye michoro, eneo lililo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006. Hao leseni wataijulia wapi?

Kwa maoni yangu, Idara ingeweka nguvu zaidi kwenye kumbukumbu. Ripoti ya uchimbaji huwa na ramani. Ramani hiyo isiishie kabatini wizarani, ifike kwa afisa ardhi wa halmashauri. Ufaransa kila mkoa una ofisi ya serikali ya akiolojia inayotunza kumbukumbu za maeneo yenye mabaki ya kale, na mjenzi anaweza kuamriwa asubiri uchunguzi kwanza. Bajeti yao hatuna, sawa, lakini kuweka alama kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa wilaya si mabilioni.

Mtasema ramani ikivuja, wasaka hazina wataifuata. Kweli kabisa, ndiyo maana sitaki ibandikwe mtandaoni. Ikae kwa afisa ardhi na afisa utamaduni. Kijiji nacho kipewe kurasa mbili za Kiswahili: tulichimba upande huu, tulikuta hiki, vitu viko makumbusho fulani. Na mtafiti ambaye hajakabidhi kurasa hizo kwa mwenyekiti wa kijiji, leseni ya msimu ujao asipewe.