Dhahabu tumeitazama vya kutosha, tugeukie shaba

Kila nikikuta habari za pesa za Warumi, picha inayotangulizwa ni ya dhahabu. Inang'aa, sikatai. Lakini aureus moja ya dhahabu ilikuwa sawa na sestertius 100, sarafu kubwa ya shaba, na muuza mboga wa Roma angeishika mara ngapi maishani? Kiganjani mwake ilikuwa ikiingia na kutoka shaba, na ni kwenye shaba dola ilikosema naye.

Tazama sestertius ya Kaisari Vespasianus ya mwaka 71, mwaka mmoja baada ya Yerusalemu kuteketezwa. Ni sarafu nene, ya gramu 25 hivi, shaba iliyochanganywa na zinki. Upande mmoja kichwa cha Kaisari na shingo lake la kiaskari. Igeuze: mtende katikati, na chini yake mwanamke ameketi, kichwa kimelalia mkono, analia. Pembeni maandishi IVDAEA CAPTA, Uyahudi umetekwa. Nimeikuza picha hiyo kwenye simu mara nyingi na kila mara inaniuma. Msiba wa watu umefanywa pambo la pesa ya matumizi. Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79, kuna bei za kinywaji zilizoandikwa ukutani: as moja, sarafu ndogo ya shaba, unakunywa, mbili unapata kilicho bora, nne unapata divai ya Falerno. As nne ndiyo sestertius moja. Basi mtu aliweza kumlipa muuzaji kwa mwanamke yule yule anayelia, akanywa, akaenda zake.

Wapo wanaosema hakuna aliyejali picha hizo. Mimi sikubali. Mwanahistoria wa Kirumi Cassius Dio anasimulia kwamba Seneti, baraza la wakuu wa Roma, iliagiza sarafu za shaba zenye sura ya Kaisari Caligula ziyeyushwe, kwa jinsi walivyomchukia. Sura isiyotazamwa na mtu huiyeyushi.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya Kaisari Nerva, ya mwaka 97. Watu wa Italia walikuwa wamechoka kutoa wanyama na magari kwa ajili ya wajumbe wa serikali, naye akawaondolea mzigo huo. Akatangaza kwa shaba. Hakuna mateka wala mkuki: ni baghala wawili, chotara wa punda na farasi, wamefunguliwa nira na wanakula majani, na gari limeachwa nyuma yao, mikono yake ikielekea juu.