Akiacha dawa za akili, tusikimbilie kumuita mkaidi

Huku kwetu Mombasa kijana akianzishwa dawa za akili, siku ya pili ya tatu shingo ikapinda, macho yakaganda yakitizama juu, ulimi ukawa mzito, watu nyumbani washasema ni jini limekasirika. Dawa zatupwa, apelekwa kwa fundi wa kuagua anyweshwe kombe, yale maji yaliyooshea maandishi ya aya. Yalimpata binamu yangu hapa Kisauni na mpaka leo yaniuma, manake halikuwa jini, ilikuwa ni haloperidoli, hiyo hiyo dawa ya akili aliyoanzishwa, na dawa ya kuilegeza ile shingo, Artane, ipo miaka na mikaka.

Hizi dawa zaziba vipokezi vya dopamini kwenye ubongo, yaani pale inaponasa dopamini, kemikali ya kupitisha ujumbe. Dopamini ikizidi ndo mtu asikia sauti na kuhisi anaandamwa, lakini dopamini hiyo hiyo ndo yaongoza misuli. Picha za ubongo zilionyesha kwamba dawa hushika ikiziba kama asilimia 65 ya vipokezi, na ikipita karibu 80 mwili waanza kukakamaa. Hebu zitizameni hizo namba, kutoka 65 mpaka 80, nafasi yenyewe ndo hiyo tu! Na miili haifanani, dozi iliyomtuliza wa jirani yaweza kumpitisha wako, sasa mtu akilalamika yuwakazika huo ukaidi uko wapi?

Kibaya zaidi ni ile hali ya kushindwa kutulia, miguu yawasha kwa ndani, yuwazunguka ukumbini usiku kucha, watu waona wazimu umezidi, basi aongezewa dozi ya dawa ile ile inayomtesa. Mimi naye ningeacha.

Wanaosisitiza lazima anywe wana hoja, sikatai. Akiacha ghafla ugonjwa huwarudia wengi, na anayekesha mlangoni asitoroke ni mamake. Dawa mpya kama olanzapini hazikazi sana ingawa zaleta njaa, unene na sukari. Lakini kuna wanaoficha haya madhara eti mgonjwa asiogope, na hapo ndo sikubaliani nao kabisa, kwa sababu atayajua tu, tena usiku, peke yake, bila wa kumwambia yana dawa.

Binamu yangu alirudi kliniki baada ya miezi minne. Kabla hajakubali kumeza chochote alimuuliza dokta, hii nayo itanifanya nini shingoni? Akaelezwa, akapewa dozi ndogo, na mamake akaonyeshwa Artane ni ipi.