Korea Haikujengwa kwa Kiboko

Jumapili tulizika. Tuliporudi kutoka makaburini tukakaa chini ya turubai, na kama ilivyo msibani, maongezi yakaanza kwa marehemu yakaishia kwa nchi. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, aliyenifundisha darasa la tano, akasema: "Nchi zetu zinataka kiboko. Wakorea walikuwa maskini kama sisi. Wakampata mwanajeshi mkali, leo wanatuuzia magari na simu." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Nilinyamaza, kwa kuwa msiba si mahali pa kumbishia mtu mzima. Ila usingizi sikuupata.

Maneno hayo nimeyasikia kwenye daladala, kwenye kahawa, hata kwa vijana wasomi. Mwanajeshi anayesemwa ni Park Chung-hee, aliyepindua serikali Mei 1961 na kutawala hadi Oktoba 1979, alipopigwa risasi na mkuu wake mwenyewe wa ujasusi. Kinachoniuma ni kwamba hadithi tunaianzia 1961, wakati jambo kubwa kuliko yote lilikuwa limeshafanyika.

Jambo hilo ni ardhi. Wakati wa ukoloni wa Wajapani, uliokoma 1945, wakulima wengi wa Korea walilima mashamba ya wengine na kutoa nusu ya mavuno, au zaidi. Mwaka 1949 Bunge la Korea Kusini likapitisha sheria, ikarekebishwa 1950: kaya isimiliki zaidi ya hekta tatu hivi za shamba, na ardhi iwe ya anayeilima. Bei ilikuwa mara moja na nusu ya mavuno ya mwaka mmoja, ilipwe kwa miaka mitano. Tupige hesabu. Mtu ambaye baba yake na babu yake walitoa nusu ya mpunga wao mpaka wakafa, sasa anatoa asilimia 30 kwa miaka mitano, halafu shamba ni lake na la wanawe. Makabaila walilipwa kwa hati za serikali, na vita vya Korea vilivyoanza Juni 1950 vikapandisha bei za vitu hadi hati zile zikabaki karatasi. Tabaka lililokalia migongo ya watu kwa karne nyingi likaishiwa nguvu ndani ya miaka michache.

Haikuwa huruma tupu, najua. Korea Kaskazini walikuwa wameshagawa ardhi bure mwaka 1946, na serikali ya Seoul iliogopa wakulima wake wasije wakavutwa huko. Lakini hofu ile ilizaa haki, na haki ile ndiyo iliyozaa shule. Mkulima asiyetoa nusu ya mpunga anapata ada ya mtoto. Viwanda vilipoanza kufunguliwa miaka ya sitini, vilikuta mabinti na vijana wanaojua kusoma, watoto wa watu waliokuwa hawana hata kipande cha tuta. Na Bungeni hapakuwa tena na kundi la wenye mashamba makubwa la kuzuia kila mpango usiowanufaisha. Taiwan nao walipita njia hiyo hiyo: kodi ya shamba wakaishusha 1949, na mwaka 1953 wakawapa ardhi wanaoilima.

Kama kiboko kingetosha, Ufilipino ingekuwa mbali. Rais Ferdinand Marcos alitangaza utawala wa kijeshi Septemba 1972, akafunga wapinzani, akafunga magazeti, akatawala mpaka umma ulipomng'oa Februari 1986. Mageuzi yake ya ardhi yaligusa mpunga na mahindi tu. Mashamba makubwa ya miwa na minazi yakabaki kwa wenyewe. Aliacha madeni. Burma, leo Myanmar, walikuwa na Jenerali Ne Win tangu 1962, na mwaka 1987 nchi yao ikaingizwa kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni kabisa.

Nakiri, Park alifanya kazi. Alisimamia mauzo ya nje yeye mwenyewe, na kiwanda cha chuma cha Pohang kilijengwa zama zake. Sitamnyima hilo. Lakini nani alishona zile nguo zilizouzwa nje?

Niliwahi kwenda Seoul kwa mafunzo ya wiki chache. Karibu na soko la Pyeonghwa, juu ya mto Cheonggyecheon, kuna daraja lenye sanamu ya kijana, na mimi nilimpita mara mbili bila kujua ni nani. Ni Jeon Tae-il, fundi nguo. Vyerehani vilipangwa kwenye vyumba vya dari chini ambamo mtu mzima hawezi kusimama wima, na wasichana wadogo walishona humo mchana na usiku huku wakikohoa vumbi la vitambaa. Alipeleka malalamiko ofisi za serikali, hakusikilizwa. Tarehe 13 Novemba 1970 alijiwasha moto pale sokoni, akipaza sauti kwamba wafanyakazi si mashine. Alikuwa na miaka 22. Mwalimu wangu, kijana huyo ndiye aliyepigwa na kiboko unachokisifu.

Na aliyeandaa ile sheria ya ardhi? Cho Bong-am, waziri wa kwanza wa kilimo. Mwaka 1956 aligombea urais dhidi ya Rais Syngman Rhee, akapata kura zaidi ya milioni mbili. Wakamshitaki kuwa jasusi wa Kaskazini, na Julai 1959 wakamnyonga. Mahakama ya Juu ya Korea Kusini ilimfutia hatia hiyo mwaka 2011, wakati binti yake ameshakuwa bibi kizee.

Arobaini ikipita nitakwenda kwa Mwalimu nyumbani kwake, nimpe shikamoo, nikae kwenye mkeka, nimsimulie habari za Cho Bong-am.